La Pianiste: Filamu ya mwalimu wa kinanda inayokukosesha raha, na kwa nini wengi huielewa vibaya

Mwanamke wa karibu miaka 40 anarudi nyumbani usiku. Ni profesa, ana mshahara wake na ana wanafunzi wanaomwogopa.

Anafungua mlango taratibu ili apite bila kelele. Haisaidii. Mama yake yuko macho anamsubiri: ulikuwa wapi saa zote hizi?

Mama anampokonya mkoba, anaupekua, anakuta gauni jipya. Kesi inaanzia hapo. Pesa za nini hizi? Unataka kumvalia nani? Wanalivutana, gauni linachanika. Binti anamrukia mama yake na kumvuta nywele. Dakika chache baadaye wote wawili wanalia, wanaombana msamaha, halafu wanalala kitanda kwa kitanda.

Hivyo ndivyo inavyoanza La Pianiste, filamu ya mwaka 2001 ya mwongozaji kutoka Austria, Michael Haneke. Kwa Kiingereza inajulikana kama The Piano Teacher, yaani Mwalimu wa Piano.

Ni moja ya filamu zinazotajwa sana watu wakizungumzia hisia zilizobanwa na tamaa iliyogeuka kuwa ugonjwa. Pia ni moja ya zinazoeleweka vibaya sana. Wengi huambiwa ni "filamu ya ngono", wanaitafuta kwa sababu hiyo, halafu wanatoka wamechanganyikiwa na wamekasirika.

Tahadhari kabla hujaendelea: makala haya yanasimulia hadithi mpaka mwisho, na yanagusa ubakaji na mtu kujiumiza mwenyewe.

Kwa ufupi

- Mwongozaji: Michael Haneke
- Mwaka: 2001
- Mwalimu Erika Kohut: Isabelle Huppert
- Mwanafunzi Walter Klemmer: Benoît Magimel
- Mama: Annie Girardot
- Inatoka kwenye: riwaya ya Elfriede Jelinek ya mwaka 1983
- Mahali: Vienna, mji mkuu wa Austria, ingawa wahusika wanaongea Kifaransa
- Urefu: zaidi kidogo ya saa mbili
- Daraja: Uingereza iliipa 18, yaani watu wazima tu

Erika ni nani?

Mchana, Erika Kohut ni mwalimu wa piano katika chuo cha muziki cha Vienna. Huo ni mji ambao muziki wa Mozart, Beethoven na Schubert ni sehemu ya heshima yake. Kufundisha piano pale si kazi ya mchezo.

Na Erika ni mkali kwelikweli. Anasimama dirishani, mgongo kwa mwanafunzi, anasikiliza. Mwanafunzi akikosea, anamkata kwa maneno ya baridi. Hapigi kelele wala hatabasamu. Nywele kazibana nyuma, koti kalifunga vifungo vyote.

Jioni mambo ni mengine. Anaingia kwenye duka la picha za ngono, anapanga foleni katikati ya wanaume wanaomshangaa, anajifungia kwenye kibanda na kutazama. Usiku mwingine anazunguka kwenye sinema ya wazi, ile ya kutazamia ndani ya gari, akiwachungulia wapenzi. Na akiwa bafuni nyumbani anajiumiza kwa wembe, kisha anasafisha, anatoka na kwenda kula chakula cha jioni na mama kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mtazamaji wa haraka atasema huyu mama ni mnafiki: mchana mtakatifu, usiku shetani. Lakini angalia tena. Kwenye kibanda kile Erika hana furaha yoyote usoni. Anatazama kama mtu anayesoma somo ambalo hakuwahi kufundishwa. Anajua ngono inavyoonekana kwenye skrini. Hajui kabisa mtu akikupenda inakuwaje.

Nyumba isiyo na faragha

Ukitaka kuielewa filamu hii, anzia kwenye nyumba.

Baba yake Erika alifia hospitali ya wagonjwa wa akili. Wamebaki wawili tu, mama na binti. Mama amewekeza maisha yake yote kwenye jambo moja: Erika awe mpiga piano mkubwa wa dunia. Haikuwa. Akaishia kuwa mwalimu. Mama bado anadai, kama mtu aliyekopesha na hajalipwa.

Kwa hiyo anapekua mkoba, anahesabu saa, anachagua nguo na marafiki. Anamwonya Erika asimpe mwanafunzi yeyote ujuzi wa kumzidi yeye. Erika ana chumba chake, lakini kulala analala na mama.

Na hapa ndipo Haneke alipoweka ufunguo wa filamu nzima. Huyu ni mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na mlango wa kufunga. Hajawahi kuwa na kitu ambacho ni chake peke yake, hata mwili wake. Ndani ya nyumba ile mapenzi na amri ni kitu kimoja. Anayekupenda ndiye anayekuchunga. Anayekuchunga ndiye anayekupiga, halafu mnalia pamoja.

Waswahili wanasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. La Pianiste ni methali hiyo ikipelekwa mpaka mwisho wake wa kutisha.

'Kukandamiza hisia' maana yake nini hasa?

Si bahati mbaya kwamba hadithi iko Vienna. Ni mji huohuo ambao Sigmund Freud, baba wa tiba ya akili kwa njia ya mazungumzo, aliishi na kutibu wagonjwa mtaa wa Berggasse namba 19, kuanzia 1891 mpaka alipokimbia Wanazi mwaka 1938.

Mwaka 1915 Freud aliandika kuhusu kukandamiza hisia. Kwa lugha nyepesi, alisema hivi: tamaa au hofu ambayo mtu hawezi kuikubali anaisukuma chini, nje ya fahamu zake. Lakini haifi. Inakaa huko chini, halafu inarudi ikiwa imevaa sura nyingine.

Wahenga wetu walikwisha kuliona hilo bila kusoma Vienna: mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ukikibana kikohozi kifuani hakipotei. Kinatafuta pa kutokea.

Kwa Erika kinatokea kwenye kibanda cha picha, kwenye wembe, na kwenye ukatili wake kwa wanafunzi. Hata jina lake la ukoo, Kohut, ni sawa na la Heinz Kohut, mtaalamu mwingine maarufu wa fani hiyo aliyezaliwa Vienna mwaka 1913.

Ila usidhani filamu inakupa somo la saikolojia. Haneke alisoma saikolojia na falsafa chuo kikuu, lakini hapa haelezi chochote. Hakuna daktari anayekuja mwishoni kutaja jina la ugonjwa. Anakuonyesha tu, halafu anakuachia.

Walter anaingia

Kwenye tafrija ya muziki nyumbani kwa watu wenye uwezo, Erika anakutana na kijana mmoja, Walter Klemmer. Mzuri wa sura, mchangamfu, anasomea uhandisi, anacheza mpira wa magongo wa kwenye barafu, na piano anaipiga vizuri sana. Anampenda Erika palepale, au anadhani anampenda.

Anaomba kujiunga na chuo. Kwenye usaili wake walimu wengine wanamkubali. Erika peke yake anampinga. Unajua kwa nini: kampenda, na kumpenda mtu ni hatari.

Walter anaingia darasani kwake hivyohivyo. Na kuanzia hapo Erika anaanza kupasuka taratibu.

Glasi kwenye mfuko wa koti

Kuna mwanafunzi anaitwa Anna. Ni msichana mwoga, mwenye kipaji, naye ana mama anayemsukuma kama Erika alivyosukumwa. Siku ya mazoezi ya jukwaani Anna anatetemeka mpaka tumbo linamsumbua. Walter anamtania kidogo, anakaa pembeni yake kumgeuzia kurasa. Anna anatulia, anapiga vizuri.

Erika anaona. Machozi yanamlenga. Anatoka, anakwenda mahali makoti yalipotundikwa, anachukua glasi, anaifunika kwa kitambaa, anaikanyaga. Vipande anavitia kwenye mfuko wa koti la Anna. Baadaye tunasikia ukelele wa msichana.

Mkono wa kulia wa mpiga piano umeharibika.

Ni wivu? Ndiyo, lakini kuna zaidi. Anna ni Erika wa zamani. Tofauti ni kwamba Anna kapata dakika tano za kutendewa wema, kitu ambacho Erika hakukipata. Filamu haimtetei. Erika kafanya unyama na tunabaki na unyama huo. Ndiyo maana filamu hii inachosha roho: huwezi kumhurumia moja kwa moja, na huwezi kumchukia moja kwa moja.

Barua

Baada ya tukio hilo Walter anamfuata Erika chooni hapohapo, wanabusiana. Sasa angalia Erika anavyofanya. Anatoa amri. Usiniguse. Usiongee. Tulia. Atakachopata Walter ni kile tu anachoruhusu yeye, kwa kiasi anachotaka yeye. Ni mwalimu yuleyule wa darasani.

Kisha anamwandikia barua.

Walter anamfuata mpaka nyumbani. Ili mama asiwaingilie, inabidi wasukume kabati kuziba mlango wa chumba. Huyo ni mwanamke mzima, profesa, anazuia mlango kwa kabati. Mama yuko nje anabisha na kulalamika.

Walter anafungua barua akitegemea maneno matamu. Anakuta orodha ndefu ya maagizo: jinsi ya kumfunga, jinsi ya kumpiga, mama afungiwe chumbani, asijali nikikuomba uache. Chini ya kitanda Erika ana sanduku la vifaa.

Wengi wakifika hapa wanasema: aah, kumbe huyu anapenda kuumizwa. Wanafunga mjadala.

Subiri kwanza. Nani kaandika maagizo yote yale? Nani anapanga nini kifanyike, saa ngapi, kwa mkono gani? Ni Erika. Barua ni karatasi ya mtu aliyetawaliwa maisha yake yote, anayejaribu kwa mara ya kwanza kuandika sheria yeye mwenyewe. Anatumia lugha pekee anayoijua ya ukaribu, ambayo ni amri na maumivu, na anampa mtu mwingine akitumaini atamwelewa. Kwa namna yake ya ajabu, ndiyo barua ya mapenzi.

Walter hamwelewi. Anamwambia anamchefua, anaondoka.

Usiku huo Erika anamrukia mama yake kitandani, anambusu na kumng'ang'ania, akisema anampenda. Hana mtu mwingine.

Usiku ule: tuseme wazi

Erika anamfuata Walter kwenye uwanja wa barafu, anajaribu kuwa "wa kawaida", anajidhalilisha, inashindikana. Walter anamdharau zaidi.

Kisha, usiku mmoja, Walter anakuja nyumbani kwao. Anamfungia mama chumbani, anampiga Erika usoni, anambaka sakafuni. Huku akifanya hivyo anamkumbusha barua: si ndivyo ulivyotaka?

Hii ndiyo sehemu ambayo watazamaji hugawanyika, na ndiyo sehemu ambayo kuielewa vibaya kuna madhara hata nje ya sinema. Utasikia mtu anasema, "Lakini si aliomba mwenyewe?"

Hapana. Tazama vizuri.

Walter alipoisoma ile barua aliikataa. Hawakukubaliana jambo. Usiku ule hakuna aliyemuuliza Erika kitu. Alichoandika kwenye karatasi kilikuwa ndoto, yeye akiwa ameshika usukani. Kinachotokea sakafuni hakina usukani wake hata kidogo. Anaomba aache. Analia. Halafu analala kimya kabisa, uso hauna kitu, kama mtu aliyekwishaondoka mwilini mwake.

Haneke haondoi kamera. Anakulazimisha umtazame uso. Hakuna muziki wa mahaba, hakuna mwanga mzuri, hakuna kitu cha kukufanya udhani kuna starehe. Ukitazama uso huo ukabaki na swali la "si aliomba", basi hukuutazama.

Ridhaa ya jana kwenye karatasi si ridhaa ya leo. Na ndoto ya mtu si ruhusa ya kumfanyia. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa filamu hii inalolisema, na inalisema kwa ukali kuliko semina yoyote.

Walter mwenyewe? Anavaa, anamwomba Erika asimwambie mtu, anaondoka. Yeye ndiye "wa kawaida" wa hadithi hii, kijana mzuri wa familia nzuri. Fikiria hapo.

Kisu kwenye mkoba

Siku ya pili kuna onyesho. Erika ndiye atakayepiga piano badala ya Anna, ambaye mkono wake haujapona. Kabla ya kutoka nyumbani anatia kisu cha jikoni kwenye mkoba, ule mkoba ambao mama huupekua kila siku.

Anasimama kwenye ukumbi wa kuingilia, anamsubiri Walter. Tunadhani atamuua.

Walter anafika na ndugu zake, anacheka, anamsalimia kwa bashasha kama hakuna kilichotokea, anapita zake ndani. Erika anabaki peke yake. Uso unambadilika kwa sekunde moja, uso wa kutisha usioelezeka. Anakichukua kisu, anajichoma karibu na bega. Anakirudisha mkobani. Damu inaanza kuonekana kwenye nguo. Anatoka nje ya jengo, anaondoka. Kamera inabaki kwenye jengo la ukumbi wa muziki usiku, magari yanapita. Mwisho.

Kafa? Kapona? Karudi kwa mama? Haneke hakuambii. Kitu kimoja tu kina uhakika: watu wako ndani wanamsubiri apige, na hayupo. Ni mara ya kwanza kwenye filamu nzima Erika anaondoka mahali ambapo mama alimtaka awepo. Kama hilo ni ushindi au ni maangamizi, ni juu yako.

Mbona inatisha bila mizimu?

Ukiisha kuitazama utajiuliza, mbona moyo ulikuwa unadunda na hakukuwa na kitu cha kushtua? Mbinu ziko chache na ni rahisi:

- Hakuna muziki wa kuongoza hisia zako. Muziki unaousikia unapigwa na wahusika wenyewe, hasa Schubert na Schumann. Hakuna vinanda vya chinichini vya kukuambia sasa ogopa, sasa lia.
- Kamera imetulia. Picha moja inakaa muda mrefu. Unatamani ikatwe, haikatwi.
- Mambo mazito yako nje ya picha. Unaona uso, unasikia sauti. Kwa filamu inayosemwa ni ya ngono, mwili uchi hauonekani karibu kabisa. Akili yako ndiyo inayojaza.
- Uso wa Huppert. Hafanyi kitu kikubwa. Mdomo unatetemeka kidogo, jicho linalegea, basi. Lakini unaona kila kitu kinachopita ndani.

Nani aliiandika hadithi hii?

Riwaya ilitoka kwanza, mwaka 1983, kwa Kijerumani, kwa jina Die Klavierspielerin. Mwandishi ni Elfriede Jelinek wa Austria, aliyezaliwa 1946.

Na hakuibuni yote kichwani. Jelinek alilelewa na mama aliyetaka awe nyota wa muziki, akasomeshwa muziki tangu utotoni, akafika mpaka kupata diploma ya kupiga ogani katika chuo cha muziki cha Vienna. Baba yake alipatwa na maradhi ya akili akafia hospitalini. Ukisoma hayo unamwona Erika, ingawa Jelinek alichagua silaha tofauti: badala ya kisu, kalamu.

Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hakwenda Stockholm kuipokea, kwa sababu ana hofu kubwa ya kukaa mbele ya watu. Hotuba yake aliituma kwa video.

Cannes ilisemaje?

Kwenye tamasha la Cannes la Mei 2001, jopo lililoongozwa na mwigizaji Liv Ullmann liliipa La Pianiste tuzo tatu: Grand Prix, ambayo ni ya pili kwa ukubwa, mwigizaji bora wa kike kwa Huppert, na mwigizaji bora wa kiume kwa Magimel. Tuzo kubwa kabisa, Palme d'Or, ilikwenda kwa Nanni Moretti wa Italia. Mwaka uliofuata Annie Girardot akapata César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, kwa nafasi ya mama.

Haneke hakuishia hapo. Alichukua Palme d'Or mara mbili, 2009 kwa The White Ribbon na 2012 kwa Amour.

Je, uitazame?

Kama unatafuta burudani ya wikiendi, achana nayo. Kama uko na wazazi sebuleni, achana nayo kabisa. Na kama umewahi kufanyiwa ukatili wa kingono au unapambana na hamu ya kujiumiza, huna deni na filamu yoyote. Iache, na uzungumze na mtu unayemwamini.

Lakini kama wewe ni mzazi unayejiuliza mpaka wa kumlinda mtoto na kummiliki uko wapi, au uliwahi kuwa mtoto wa nyumba isiyo na mlango wa kufunga, kuna kitu humu kitakugusa. Usiiangalie kwa vipande kwenye simu huku unajibu meseji. Tafuta saa mbili, zima data, kaa nayo.

Ukifika kwenye onyesho la barua, sahau kwanza maneno yaliyoandikwa. Tazama lile kabati lililosukumwa mlangoni.